Dobi wa Nkuhungu na mashati meupe ya vijana wangu: nyota nne na nusu

Naandika hii kwa urefu kidogo maana huyu baba anastahili, na hapa Dodoma mtu akikuuliza dobi wa uhakika wa nguo nyeupe unajikuta unakuna kichwa tu. Yupo Nkuhungu, mtaa wa nyuma huku kwetu kwenye barabara ya vumbi, chini ya mwarobaini pembeni ya duka la mangi. Hana kibao wala ukurasa wowote mtandaoni, ana meza ya mbao iliyovikwa blanketi, pasi mbili za mkaa, mabeseni, madumu ya maji na kamba tatu. Shati kufua na kunyoosha 700, suruali 1,000, kunyoosha peke yake 300. Nimeanza kumpelekea nguo mwezi wa tano lakini ninayotaka kuisimulia ni wiki moja ya mwezi wa nane, hiyo ndo ilinionyesha tofauti ya mtu anayefua na mtu anayejua kufua.

Kwanza nguo zenyewe ni za nani. Uani kwangu nina vyumba viwili nimewapangisha vijana wawili wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengi mnawaita Wamormoni. Mimi ni Mwanglikana, nasali kwangu na wao wanasali kwao, tunaishi vizuri tu. Mmoja ana miaka 19 ametoka Idaho huko Marekani, kwao wanalima viazi, mwenzake ana 22 ni wa Jinja, Uganda. Wavulana wanatumikia miaka miwili, wasichana miezi 18, na hawalipwi mshahara, wenyewe na familia zao ndo wanachanga gharama. Wanatembea wawili wawili muda wote, huwezi kumkuta mmoja peke yake hata dukani. Na wanaitana Mzee! Mzee fulani, Mzee fulani, beji kifuani, mtoto wa miaka 19 hana hata ndevu. Majirani mwanzoni walikuwa wanageuka kutafuta huyo mzee yuko wapi, siku hizi wameshazoea na watoto wa mtaani wanamwamkia kabisa shikamoo Mzee.

Sasa hawa vijana kila siku shati jeupe na tai. Kila siku! Dodoma hii ya vumbi jekundu, mtu anatoka saa nne asubuhi anarudi saa tatu usiku kwa miguu, Nkuhungu, Chang'ombe, Mnadani, wakati mwingine daladala hadi Ipagala. Na maji yetu mnayajua, yana chumvi, sabuni ya mche unaisugua mpaka mkono unauma povu halitoki, kinachobaki ni ule utando wa kijivu juu ya beseni na ndo huohuo unaoganda kwenye kola. Mwezi wao wa kwanza hapa walikuwa wanafua wenyewe na mashati yakawa na rangi ya maji ya mchele.

Nikawashauri wapeleke laundri moja mjini, jina naliacha, ya kisasa ina mashine na vioo. Shati 2,000. Yalirudi yamefungwa kwenye nailoni, yananukia, tukafurahi, kufungua mashati mawili ya yule wa Idaho yana manjano mgongoni kama yamemwagiwa chai. Yalikuwa yale yasiyojikunja ambayo mama yake alimnunulia kabla hajasafiri. Tulivyorudi dada wa kaunta akasema yalikuja hivyohivyo. Kijana hakubishana, alisema asante akatoka, mimi ndo nilibaki nimesimama pale nimekasirika hadi natetemeka. Alikuwa na mashati matano, akabaki na matatu.

Ndo mangi akaniambia dada si umpelekee huyo baba hapo nje, unapita kila siku humwoni?

Siku ya kwanza baba yule hakupokea nguo hovyo. Alishika shati moja moja, akageuza lebo ya ndani, akalinyanyua kwenye mwanga akaangalia. Yale mawili ya manjano akasema hapa waliweka jiki, na hii siyo pamba tupu, ina dawa ya kuifanya isijikunje, jiki ikikutana na ile dawa inageuka manjano na hairudi tena, mimi sitakudanganya kwamba itarudi. Nikampenda hapohapo. Wangapi wangesema lete nijaribu na hela wakachukua? Halafu akauliza haya ya nani na haya ya nani, maana mashati yote meupe saizi zinakaribiana, akatoa sindano akashona uzi mdogo ndani ya kola, mwekundu wa yule wa Idaho, wa kijani wa yule wa Jinja. Mpaka leo hayajawahi kuchanganywa.

Maji anavyoyafanya nimeyaona kwa macho yangu. Anajaza pipa jioni, anatia magadi kidogo, hayahaya magadi ya kwenye maharage, anakoroga anaacha mpaka asubuhi, chokaa inatuama chini kama unga mweupe, anachota ya juu taratibu bila kutibua. Hapo ndo sabuni inatoa povu. Kitu cha shilingi mia mbili na laundri yenye vioo haikufanya.

Sasa ile wiki. Jumatatu kwa hawa vijana ndo siku yao ya maandalizi, hawatembelei watu hadi jioni, wanafua vitu vyao vidogo, wanaenda soko la Majengo kununua vyakula, wanacheza mpira na watoto, na kubwa kuliko yote wanapiga simu nyumbani. Zamani kanisa lao lilikuwa linawaruhusu barua kila wiki na simu mara mbili kwa mwaka tu, Krismasi na Siku ya Mama, tangu 2019 ndo wakaruhusiwa kuongea na wazazi kila wiki. Yule wa Idaho anapiga saa kumi na moja jioni kwetu, kwao ni saa mbili asubuhi. Kabla ya kupiga lazima avae shati lililonyooshwa. Nilimuuliza Mzee mbona leo siku ya kupumzika, akasema mama akiona shati limekunjamana hataamini nikimwambia niko sawa.

Hiyo Jumatatu yeye mwenyewe alipeleka nguo kwa dobi, alitaka kufanya mazoezi ya Kiswahili. Akasimama mbele ya meza, akaamkia vizuri, akasema, "Baba, naomba unifie mashati yangu." Watu wote dukani kimya. Baba akaweka pasi chini akamtazama kwa upole kabisa akasema, "Mwanangu, kufa siwezi, kufua naweza." Kijana uso ulimwiva, lakini baba hakumcheka, alimrudisha neno kwa neno mpaka akalipata, unifulie, unifulie, halafu akamwongezea na salamu ya Kigogo, mbukwenyi, mpaka leo akipita pale anaanza na hiyo. Na bei aliyomtajia ni ileile ya kwangu, 700. Hakuna bei ya mzungu. Kwa mji unaokua hivi hilo siyo jambo dogo.

Jumanne na Jumatano zilipita tu, wanaamka saa kumi na mbili na nusu, wanasoma maandiko, wanasoma lugha, wanatoka. Milango inafungwa, watu wanasema njooni kesho, kesho ukienda hayupo. Jioni wanarudi wamechoka, nawapa uji maana chai hawanywi, wala kahawa, nilichukua muda kuelewa hilo, kwetu mgeni bila chai unajiona hujamkaribisha. Sasa najua, uji wa ulezi au maji ya moto na tangawizi na maziwa. Jumatano yule wa Idaho hakula. Alikaa kwenye ngazi amevaa viatu anaangalia geti, nikamuuliza akasema kwao ni msimu wa mavuno unakaribia na baba yake mwaka huu yuko peke yake. Sikuwa na la kumwambia. Nilikaa naye tu.

Alhamisi ndo yalitokea. Walienda Makutupora kuitembelea familia moja, kufika wakawakuta watu wote wako shambani, zabibu zinavunwa na gari la mnunuzi liko njiani, wazee wawili na watoto na kreti zimejaa. Mtoto wa mkulima huyo jamani, angekaa kivulini anangoja somo? Akakunja mikono ya shati akaingia. Yule wa Jinja anasema hajawahi kumwona na furaha hivyo tangu wapangwe pamoja, anabeba kreti begani anakimbia nazo, anauliza maswali ya udongo na maji na mbegu. Gari likaja likapakia. Wakarudi saa mbili usiku na shati lile, bega la kulia mpaka kifuani lote zabibu, zile nyekundu za mbegu ya Makutupora, imeloweka imekauka.

Na Jumapili alikuwa amepangiwa kuhutubu kanisani, mara yake ya kwanza kwa Kiswahili. Hesabu ni hii: mashati matatu, moja liko kwa dobi, moja la Ijumaa, na hili. Yule wa Jinja kwa nia njema akachukua sabuni ya mche akaanza kusugua kifuani. Nakwambia pale pale doa liligeuka bluu! Bluu ya kijivu kama wino. Tukaacha, tukabaki tunaangaliana na lile shati kwenye beseni, nusu jekundu begani, nusu bluu kifuani.

Saa kumi na mbili asubuhi Ijumaa nilikuwa kwenye mwarobaini. Baba alikuwa anawasha mkaa. Aliangalia mara moja tu akaniuliza nani aliweka sabuni. Akanieleza kwamba maji ya zabibu, ya rozela, ya zambarau, yote tabia yake moja, yakikutana na sabuni yanageuka bluu na kung'ang'ania, yakikutana na kitu kichachu yanarudi mekundu na kulegea, kwa hiyo unaanza na maji baridi, halafu limau, sabuni inakuja mwisho kabisa. Maji ya moto usiguse. Akakata limau akakamulia pale kwenye bluu na mimi nimesimama nashuhudia, ile bluu ikaanza kurudi kuwa ya pinki taratibu kama kitu kinaamka. Akaisuuza. Akakamulia tena. Akaweka chumvi juu, akalitandaza kwenye beseni kubwa, akasema liache hapa, jua la saa tatu likilipiga tutaongea.

Nikaenda kazini Mtumba lakini akili iko Nkuhungu.

Mchana ukavuma ule upepo wetu wa mwezi wa nane, mnaujua, mpaka dirishani vumbi. Nilijua limekwisha. Niliporudi jioni nikakuta kamba zake tupu, kumbe nguo anaanika asubuhi mapema na ikifika saa tano anaanua zote hata kama hazijakauka, anamalizia ndani ya kibanda alichozungushia turubai upande wa barabara. Ndo maana wakati mwingine anachelewesha, watu wanamlalamikia, lakini mimi nikijua sababu siwezi kulalamika. Mashati anayaanika yamegeuzwa ndani nje na anayabana kwenye pindo la chini, siyo mabegani, yasitoke na yale masikio ya vibanio.

Jumamosi saa kumi jioni ndo nikamwona akilinyoosha. Pasi yake ni ile ya chuma yenye jogoo kwa mbele. Mkaa anauchochea mbali na meza, upande upepo unakoelekea, anaupepea mpaka majivu yote yameruka na makaa yamebaki mekundu safi, anafunga, anaifuta pasi chini kwa kitambaa kibichi, anaijaribu kwanza kwenye kipande cha kanga. Akaanza na kola kwa ndani, kutoka kwenye ncha kuja katikati, halafu mikono, halafu mgongo, kifua mwisho. Ananyunyiza maji kwa vidole. Dakika kama kumi na mbili shati moja na hakuzungumza na mtu, simu yake inaita mfukoni anaiacha.

Kabla hajanikabidhi akalinyanyua kwenye mwanga akaniambia njoo uone hapa. Chini ya kifungo cha pili kuna kivuli, kidogo sana, kama ukucha wa kidole kidogo, ya zambarau iliyofifia. Akasema pale sabuni ilikaa usiku kucha, hapo sikupaweza, tai itapafunika lakini nimeona nikuonyeshe mimi kabla hujapaona mwenyewe. Nikataka kumpa 2,000 akakataa, akasema shati ni 700. Nilimlazimisha limau angalau alipwe, akachukua 200.

Jumapili mimi nilienda ibada yangu ya kwanza nikawahi kurudi kabla hawajatoka. Alitoka chumbani na lile shati, kola imesimama, mstari wa mkono umenyooka kama umechorwa, karatasi ya hotuba mkononi imeshalowa jasho. Nikamrekebisha tai. Nikamwambia mwanangu sema polepole, watu wa Dodoma wanasikiliza. Mwenzake aliniambia baadaye aliongea dakika saba, alihutubia kuhusu mavuno, akasimulia ya Makutupora na ya baba yake kwenye viazi, akakosea ngeli nyingi na hakuna aliyejali.

Jumatatu iliyofuata saa kumi na moja simu ikapigwa na vidio, na yule mama wa Idaho akauliza hilo shati limefuliwa na nani maana amelitambua, ni mojawapo ya yale aliyomnunulia. Kijana akaniomba twende nje. Tukampelekea simu baba pale kwenye mwarobaini. Kabla hajaishika alifuta mikono, akafunga vifungo vya shati lake mwenyewe hadi juu, ndo akaangalia kioo. Mama akaongea kidogo akashindwa, mwanawe akatafsiri asante sana baba. Na baba yule akasema, "Mwambie mama mtoto anakula, na mashati yapo."

Haya, upungufu niuseme pia maana siyo tangazo. Hana lipa namba, ni hela mkononi na chenji mara nyingi hana, unaishia kuitafuta kwa mangi. Simu hapokei akiwa kwenye pasi kwa hiyo usipige kuuliza zimeisha, nenda. Nguo za ndani na soksi hapokei kabisa, hilo lijue kabla usije ukaaibika. Haraka haraka hana, ukimpa leo tegemea kesho kutwa, na wiki ya upepo ongeza siku. Kifungo kimoja cha shati la yule wa Jinja kilipotea, alikibadilisha bure lakini aliweka cha matundu mawili wakati vingine vyote ni vya manne, kwa mbali haionekani ila mimi naiona, hiyo ndo nusu nyota niliyokata. Na sehemu ni wazi mno, nimemwambia atafute hata bati mbili kabla ya mvua za Desemba na nimemwahidi nitachangia.

Yule wa Idaho amehamishwa sasa, wao huwa uhamisho unakuja kila baada ya wiki sita na anaweza kubaki au kuondoka, safari hii akaondoka, aliaga Jumanne asubuhi na sanduku. Mashati yake matatu yote yameondoka na ule uzi mwekundu ndani ya kola, baba alisema usiutoe, dobi wa huko atajua una mwenyewe. Amekuja mwingine, wa Samoa, mkubwa huyo shati lake moja ni kama mawili ya wengine, na baba amemwekea uzi wa njano. Bei 700 vilevile.

Anafungua saa kumi na mbili asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili hayupo. Ukitokea lami ulizia mwarobaini wa dobi, bodaboda wote wanapajua. Nenda na noti ndogo ndogo, na kama una doa usiliguse na sabuni, mpelekee lilivyo.